Asubuhi ya harusi yangu gari la dizeli liligoma, na plagi moja nusura inirudishe nyumbani

Wakuu, bwakire buya, yaani habari za asubuhi, kutoka Gesima, ambako leo ukungu umegoma kuondoka tangu alfajiri.

Nimesoma uzi wa yule ndugu mwenye gari la zamani la dizeli ambalo haliwaki asubuhi. Wengine mmemwambia auze injini. Wengine abadilishe betri. Mmoja akamshauri alipeleke likaombewe.

Hapo nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu jambo kama hilo liliwahi kunikuta nikiwa nimevaa gauni la harusi.

Mimi ni bibi kizee, themanini nimeivuka kitambo, na ninachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Nikisahau mahali nitasema nimesahau. Kubuni sitabuni.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, mwezi wa Julai. Hivi vilima mnavyoviona vimejaa majani chai, siku zile vilikuwa na pareto na mahindi. Baridi ndiyo ileile.

Nilikuwa naolewa Mosocho na kijana aitwaye Ombati. Ombati alikuwa muuzaji katika duka la Bwana Jivan, Mhindi wa Kisii mjini. Bwana Jivan alimpenda sana, na siku ya harusi ilipokaribia akamwazima gari lake pamoja na dereva.

Gari lilikuwa jeusi, la Kijerumani, la pua ndefu, la dizeli. Dereva alikuwa Suleimani, Mwislamu wa pale mjini, kijana mpole, kofia yake haitoki kichwani.

Suleimani alikuja jana yake jioni, maana mvua ikinyesha usiku barabara ya kuja kwetu ilikuwa haipitiki. Gari likalala uani kwetu. Watoto walilizunguka mpaka wakaitwa kula mara tatu.

Sasa kuna mtu lazima mumjue. Baba yangu mkubwa, Mzee Ondieki. Huyu hakuitaka ndoa ile. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Binti yake wa kwanza aliolewa upande ule wa Mosocho, akapigwa, akarudi nyumbani na mkono uliovunjika. Tangu siku hiyo Mzee Ondieki akisikia Mosocho, uso wake ulikuwa unafungika kama mlango.

(Kwa wasio wa huku: kwetu baba tunamwita tata. Ukisema "baba" kwa Ekegusii unamaanisha mama. Mwalimu wangu wa Kiswahili alipata taabu sana na sisi.)

Asubuhi Suleimani akaingia garini. Akavuta kitufe cha kupasha injini moto, akangoja, akawasha.

Injini ikazunguka, ikazunguka. Haikushika.

Akarudia. Akarudia tena. Wanaume wakasema lisukumwe. Boma letu liko mgongoni mwa mteremko, wakalisukuma kuelekea chini, likaenda likishtuka-shtuka mpaka kwenye majani ya mtoni, likasimama. Kimya. Sasa mteremko umekwisha, na gari liko bondeni.

Shangazi zangu waliokuwa wakiimba wakaacha kuimba.

Mzee Ondieki alishuka polepole akiegemea fimbo, akaliangalia lile gari, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Jana lilikuja lenyewe bila kusukumwa. Leo linatakiwa kumbeba binti yetu, linakataa. Mnataka mwambiwe mara ngapi?"

Shangazi mmoja akaanza kunung'unika kwamba hata yeye aliota vibaya. Mwingine naye akakumbuka ndoto. Mnajua ndoto zinavyoambukizana.

Baba yangu aliangalia chini. Nikaogopa, kwa sababu kaka yake akishikilia neno, baba alikuwa mgumu kumpinga. Na padri wa kule alikuwa ametuambia wazi kwamba baada ya adhuhuri anaondoka kwenda parokia nyingine. Tukichelewa, harusi inaahirishwa. Na harusi ikiahirishwa kwa sababu ya ndoto za shangazi, nilijua hairudi.

Nilimtaka Ombati, wakuu. Niseme hivyo tu.

Basi nikakusanya gauni mikononi nikateremka mpaka mtoni. Walidhani nimekwenda kulia. Kusema kweli nilikuwa na hasira, lakini zaidi ya hasira nilitaka kujua. Chuma kinakataa vipi?

"Suleimani," nikamwambia, "jana asubuhi kule mjini liliwaka?"

"Liliwaka vizuri, dada."

"Na leo nini tofauti?"

Akafikiri. "Baridi. Na hili jicho limekufa."

Akanionyesha dashibodi. Palikuwa na kitundu kidogo chenye wavu, na ndani yake waya uliojiviringa. Alinieleza kwamba kila asubuhi akivuta kitufe, waya ule huwa mwekundu kama kaa la moto. Ukishakuwa mwekundu, ndipo anawasha. Leo umebaki mweusi.

"Jicho linaangalia nini?"

Hilo hakulijua. Aliambiwa asubiri liwe jekundu, basi. Kazi ya kutengeneza ilikuwa ya fundi mjini. Lakini hakunifukuza. Alifungua boneti akasema, "Tuangalie."

Nimerudi, nilikuwa naepua chai.

Ubavuni mwa injini tukaona plagi nne zimepangwa kama watu kwenye foleni. Hizi ndizo glow plug. Kila moja ina waya mdogo ndani unaopasha hewa kwenye silinda, maana dizeli haina cheche kama petroli, inategemea joto. Injini ikiwa baridi mno, mafuta hayawaki.

Kilichonishangaza ni jinsi zilivyounganishwa. Hapakuwa na waya nne za kwenda kwenye betri. Waya ulikuwa mmoja tu, ukaingia plagi ya kwanza, kipande cha bati kikaiunganisha hiyo na ya pili, kingine ya pili na ya tatu, kingine ya tatu na ya nne, na ya nne ikaishia kwenye chuma cha injini.

Kule shuleni misheni tulikuwa na tochi ya mawe matatu ya betri. Jiwe moja likilala vibaya, tochi nzima haiwaki, hata kama mawili yaliyobaki ni mapya.

Nikamwambia Suleimani hilo la tochi. Akanitazama, akatazama plagi.

"Unasema huenda ni moja tu?"

"Sijui. Tunaweza kujua?"

Akachukua spana. Akaniambia nikae garini, nivute kitufe, niangalie jicho. Yeye akagusisha spana kwenye plagi ya kwanza pale waya unapoingia, upande wa pili wa spana ukagusa chuma cha injini.

Jicho likawa jekundu papo hapo.

"Limewaka!" nikapiga kelele. Kule juu shangazi wakadhani ni gari.

Kwa hiyo jicho halikuwa limekufa. Moto, yaani umeme, ulikuwa unafika mpaka pale, kisha mahali fulani njia imekatika. Sikuwa nafikiria harusi hata kidogo. Nilitaka kujua ni ipi.

Suleimani akaanza kuziruka moja moja. Spana inagusa kichwa cha kuingilia na cha kutokea cha plagi ileile, ili moto upite juu yake bila kuingia ndani.

Ya kwanza. "Jeusi," nikasema.

Ya pili. "Jeusi."

Ya tatu. Nikangoja. Nikaona uzi mwembamba wa rangi, kama jua linapochungulia nyuma ya kilima, halafu jicho zima likawa jekundu.

"Hiyo! Hiyo hiyo, usiitoe!"

Tulicheka wote wawili kama wendawazimu. Ile ya tatu ilikuwa imekatika ndani, na kwa kukatika kwake ikawanyima moto wenzake watatu waliokuwa wazima kabisa.

Plagi mpya hatukuwa nayo. Lakini tungeweza kuiruka ile mbovu na kuziacha tatu zifanye kazi. Spana haikai yenyewe, kwa hiyo tulihitaji waya. Suleimani akatoa waya mwembamba kwenye buti, nikaushika mimi mwenyewe ili yeye avute kitufe na kuangalia jicho. Wakuu, ule waya ulikuwa mwekundu kabla sijamaliza kusema "tayari." Ukakatika, na kidole hiki ninachochapia kikaungua. Alama ipo hadi leo.

Hapo tukajifunza kwamba plagi hizi zinakula moto mwingi, waya mwembamba hauwezi. Nikamwita baba.

"Tata, naomba waya wa sengenge."

Baba alinitazama, gauni limeshika oili kwenye mkono, kidole kiko mdomoni. Hakuuliza wa nini. Alikwenda kwenye zizi la ndama, akarudi nao. Suleimani akausokota mara kadhaa ukawa mnene, akaukaza kwa nati za plagi ya tatu.

"Betri imechoka," akasema kwa sauti ya chini. "Inaweza kuzungusha mara moja. Ikishindwa, tungoje jua."

Mzee Ondieki alikuwa ameshuka tena. Tulipoingia garini, Suleimani kwenye usukani na mimi kando yake, alisimama karibu na dirisha langu. Nikavuta kitufe, na nikamwambia, "Angalia hapa, tata mkubwa. Kikiwa chekundu, useme wewe."

Sijui kwa nini nilimwambia hivyo. Labda nilitaka aone mwenyewe.

Aliinama. Akaangalia kitundu kile kwa makini sana. Hata mto niliusikia.

"Bado," akasema. Kisha, "Kinaanza." Kisha, kwa mshangao wa mtoto: "Chekundu!"

"Ngoja kidogo zaidi," Suleimani akasema. Tukangoja. Akawasha.

Injini ikazunguka kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa kwa nguvu. Ikakohoa. Ikanyamaza nusu ya pumzi. Ikakohoa tena, moshi mweupe ukafunika mto mzima, ikashika kwa silinda tatu huku gari lote likitetemeka. Baada ya muda ya nne ikajiunga, mtetemeko ukaisha.

Shangazi zangu wakapiga vigelegele. Wale wa ndoto ndio waliopiga zaidi.

Vijana walisukuma, gari likapanda majani mpaka barabarani. Na hapo ndipo baba yangu akafanya jambo ambalo wasichana wa rika langu wachache sana walifanyiwa. Aliniita kando, nyuma ya ua, akashika mkono wangu wenye oili.

"Gari limekubali," akasema. "Wewe je? Umekubali?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mahari ilikuwa imeshatolewa, nguo imeshonwa, watu wamekula. Lakini aliuliza, na niliona kwamba kama ningesema hapana, angekwenda mwenyewe kuwaambia watu.

"Nimekubali, tata."

"Na akikupiga?"

"Nitarudi."

"Sawa," akasema. "Mlango sifungi."

Mzee Ondieki alikaa kiti cha mbele. Tulipopita Masimba, wakati huo maduka machache tu ya mabati, alikuwa bado anamuuliza Suleimani maswali: je, jicho likikataa kuzima? Je, ukilivuta mchana? Tulifika Mosocho padri ameshika saa mkononi. Ombati aliponisogelea alinusa akaniambia kwa sauti ya chini, "Unanuka dizeli." Nikamwambia nitamweleza.

Hadithi ya fundi niiseme kwa kifupi kwa faida ya mwenye gari. Wiki ile nilimwomba Ombati anipeleke gereji nione plagi ikibadilishwa. Ile mbovu ilipofunguliwa, waya wake wa ndani ulikuwa umekatika, ukionekana wazi. Fundi akachukua mpya, na ili kutuonyesha uzima wake akaigusisha moja kwa moja kwenye betri. Ikang'aa vizuri mno, kisha ikazima daima. Plagi zile za mtindo wa foleni kila moja inataka sehemu ndogo tu ya nguvu ya betri. Ikabidi itafutwe nyingine, na hiyo hakuijaribu kwa njia ile. Aliikwangulia masizi kwenye tundu, akaifunga kwa mkono kwanza, kisha akaikaza kwa spana bila kutumia mabavu.

Kwa hiyo ndugu yetu wa ule uzi: kwanza jua gari lako plagi zimeunganishwaje. Magari mengi ya baadaye kila plagi inapata moto wake, moja ikifa utaona tu injini inatetemeka asubuhi. Hizo unafungua waya wake na kupima moja moja kwa taa ya kupimia. Kama ni la zamani sana, la foleni, ziruke moja moja kama tulivyofanya, kwa kitu kinene, na usiguse kwa kidole. Na usiendelee kuzungusha mpaka betri ife.

Mimi na Ombati tuliishi pamoja hadi alipofariki, na mkono wake haukuwahi kuinuka juu yangu. Mzee Ondieki alikuwa akija kututembelea, na kila akija alianza kwa kunitazama mikono na uso kabla ya kuketi. Nilimwacha aangalie. Alikuwa na haki ya kujua.

Somo nililolipata ni dogo. Kitu kikikataa, watu wana haraka ya kukisemea. Afadhali ukiulize chenyewe, sehemu kwa sehemu, mpaka kijibu.

Wakuu wenye magari ya dizeli ya zamani, nisahihisheni nilipokosea, hasa mafundi. Na wanawake mliomo humu: kuna aliyewahi kuulizwa na baba yake swali lile? Andikeni hapa chini. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.