Ekseli ya Kushoto

Andongwisye alizaliwa milimani Ileje, lakini utu uzima wake aliumalizia kijijini Ruanda, kwenye nchi ya kahawa ya Mbozi, akiwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba. Gari aliloendesha lilikuwa jeusi, refu, la chini chini, lililotengenezwa Ufaransa kabla ya vita vya Hitla. Malori yaliyopita barabara kuu ya Tunduma yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Hili lilivutwa na ya mbele, kama plau inavyovutwa na ng'ombe, na Andongwisye alipenda kuwaeleza watu jambo hilo hata pale ambapo hawakumuuliza.

Mzungu alipouza shamba na kurudi kwao, gari alilitelekeza kwenye banda la kukaushia kahawa. Ekseli ya kushoto, ile inayopeleka nguvu kwenye gurudumu la mbele, ilikuwa imechoka. Kila kona ililia ka-ka-ka kama mtu anayevunja kuni.

"Lichukue," alimwambia. "Mimi halinifai tena."

Wakalivuta kwa ng'ombe hadi uani kwake, nalo likakaa pale chini ya mkeka. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Mkewe, Yunisi, hakulalamika hata siku moja. Alijua kuwa mumewe, tangu aache kuvaa kofia ya udereva, alikuwa ameshikilia lile gari tu.

Yunisi mwenyewe hakuweza kutembea mbali. Mwaka mmoja aliteleza mtoni na mtungi kichwani, nyonga ikateguka, ikaunga vibaya. Kutoka nyumbani hadi kanisani alipumzika njiani mara kadhaa. Mtoto wao pekee aliyekua, Sekela, alikuwa ameolewa mbali, chini kabisa Kamsamba, bondeni kwenye joto na mpunga, na kijana aitwaye Luka. Tangu harusi mama na binti hawakuwa wameonana.

Masika yalipokuwa yanaelekea mwisho, mchuuzi wa mchele aitwaye Asajile alipandisha kutoka bondeni, akasimama uani kwao hata kabla ya kutua mzigo.

"Shikamoo mama. Nimetumwa na mkweo Luka," alimwambia Yunisi. "Sekela ni mjamzito, miezi imekaribia kutimia. Amevimba miguu, na sasa amevimba uso. Kichwa kinamuuma, haoni vizuri. Anakuita wewe. Kila akiamka anasema, mama yuko wapi?"

Yunisi alishika fimbo yake, akainuka, halafu akakaa tena. Kwa ile nyonga hakuweza kwenda popote.

Jioni ile ile Isaka, mzee wa kanisa na jirani yao, alikuja na wazo. "Vijana wa kwaya wapo. Tufunge machela, wapokezane kumbeba mpaka Kamsamba. Kesho asubuhi waondoke."

Andongwisye alitazama gari lake. "Mzee Isaka, asante. Lakini mke wangu abebwe mabegani kama maiti, na mimi nina gari hapa uani? Nitalitengeneza. Litamfikisha upesi kuliko vijana."

Isaka alimgeukia Yunisi. Yunisi akasema, "Tumsikilize Baba Sekela. Mambo ya magari anayajua."

Alimwamini. Na kweli alikuwa anayajua. Tatizo halikuwa kujua.

Asubuhi alilipandisha gari kwa jeki na mawe. Nati kubwa ya gurudumu ilikuwa imeshikana na kutu. Aliimwagia mafuta ya taa, akatia bomba refu kwenye spana, akaning'inia kwa uzito wake wote mpaka ikalia na kuachia. Alipoivuta ekseli nje akaona ubaya wote. Kile kifuko cha ngozi kinachofunika kiungo cha ekseli ili grisi isitoke na vumbi lisiingie, mafundi walikiita buti, kilikuwa kimechanika kitambo. Ndani hakukuwa na grisi, ila tope lililokauka. Msalaba wa chuma unaokiwezesha kiungo kupinda ulikuwa umelika, upande mmoja umekuwa mwembamba kama mfupa wa samaki.

Kwa bahati, binamu yake Enoka aliendesha lori kati ya Tunduma na migodi ya shaba kule ng'ambo, na alikuwa amekwisha kuahidi kumtafutia ekseli kwenye magari mabovu ya wazungu wa huko. Andongwisye alipanda lori la kahawa hadi Tunduma, akamsubiri nyumbani kwake, kitongoji cha Chapwa. Alisubiri siku baada ya siku. Enoka alipofika hatimaye, alishusha ekseli iliyofungwa kwenye gunia pamoja na kopo la grisi.

"Mukwai, bwana wangu, hii nimeitoa kwenye gari lile lile kama lako," alisema kwa furaha. "Nenda kamchukue shemeji."

Halikuwa lile lile. Andongwisye alipoijaribu uani kwake, meno ya ncha ya ndani yalikataa kuingia kwenye gia boksi. Yalikuwa manene zaidi. Gari lile lilikuwa la mwaka mwingine. Alikaa chini, mgongo kwenye tairi, ekseli mapajani. Yunisi alimwona kutoka mlangoni.

Mwisho aliamua kuunga mbili ziwe moja. Alivigonga vikombe vya kiungo kwa nyundo na kipande cha bomba, akatoa msalaba wa ekseli ngeni, akautia kwenye ekseli yake. Ulicheza kidogo, lakini ulikaa. Yakabaki mabuti. Hapo Yunisi akasema, "Niletee ule mfuko wa ngozi wa baba yangu, na msharasi wa kushonea." Akakata, akashona mishono midogo midogo, akilainisha ngozi kwa samli. Andongwisye alijaza grisi, akayavisha mabuti, akayafunga kwa waya. Gari lilipowaka, watu wa jirani walishangilia. Alizunguka uani huku amekata kona, akatega sikio. Ka-ka-ka haikusikika.

"Panda, Mama Sekela," alisema, naye uso wake ulikuwa wa kijana.

Waliondoka asubuhi. Yunisi alikaa mbele, kapu la dawa za miti na nguo za mtoto mapajani. Barabara ya Kamsamba ilikuwa nyekundu, imechimbwa na mvua. Kwa muda mrefu walikwenda vizuri, na Yunisi alianza hata kuimba chini chini. Lakini matope yalipanda kwenye magurudumu, yakausukuma waya wa buti la kushoto. Andongwisye alisimama akaukaza. Mbele kidogo ulilegea tena. Alipochungulia chini aliona grisi imerushwa yote kwenye ukingo wa gurudumu, na ngozi ya baba mkwe wake inaning'inia.

Walipovuka kijito kabla ya kuanza kushuka bonde, njia ya kupanda ukingo ilikuwa na kona kali. Alikata usukani mpaka mwisho, akaongeza moto. Ka. Kisha mlio mkubwa, gurudumu la kushoto likakwama, gari likarudi nyuma taratibu na kuegemea ukingoni. Alishuka. Msalaba ulikuwa umekatika vipande viwili.

Karibu na kijito kulikuwa na nyumba ya mjane aitwaye Jenista. Alimwacha Yunisi pale. "Natangulia kwa miguu," alisema. "Nikifika nitatuma watu waje wakubebe."

"Mwambie niko njiani," Yunisi alisema. "Mwambie nimefika kijitoni."

Alishuka lile bonde karibu kwa kukimbia, na joto la Rukwa likampanda usoni. Alipofika kwa Luka alikuta watu wengi wamekaa chini, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Luka alikuja akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Mzee mmoja ndiye aliyemweleza. Sekela alishikwa na degedege la uzazi juzi, kabla jua halijachwa. Mtoto alitoka akiwa amekwisha kufa. Mama akamfuata. Kwa ajili ya joto hawakuweza kungoja. Wamewazika pamoja asubuhi ya jana.

"Baba, tutume machela kwa mama?" Luka aliuliza.

"Ngoja nikamwambie kwanza," alisema Andongwisye. Alikaa kidogo kaburini, udongo ukiwa bado na alama za majembe, kisha akapanda mlima.

Yunisi alikuwa amekaa nje ya nyumba ya Jenista, anatazama njia. Alimwona anakuja peke yake, hana watu nyuma yake, akaweka kapu chini. Alipokwisha kuambiwa alilia mpaka sauti ikakauka. Hakumlaumu. Baadaye sana aliuliza neno moja tu.

"Mtoto alikuwa wa kike au wa kiume?"

 Andongwisye hakuwa ameuliza.

Watu wa pale walimbeba Yunisi kwa machela hadi Ruanda, mumewe akiwafuata nyuma. Gari lilibaki kijitoni. Wapita njia walichukua viti, kisha vioo, kisha taa. Enoka alituma habari kwamba amepata ekseli nyingine, nzima. Andongwisye hakumjibu. Akawa mpalizi wa kahawa kwenye shamba lile lile la zamani, chini ya mwenye mali mpya, na mtu akija kumwomba amtengenezee pikipiki au mashine, alitikisa kichwa.

Kiangazi kilipokolea, bila kuaga mtu, alitembea hadi Kamsamba na kurudi. Alimkuta Yunisi jikoni anachambua maharage.

"Wa kike," alisema, bado amesimama mlangoni.

Yunisi aliendelea kuchambua. "Umekula njiani?" aliuliza, akamsogezea kigoda.