Kidude Kilichobaki Juu ya Mkeka

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa gari. Nilitandika mkeka. Msimamizi wa karakana ya misheni hapa Kasongo, ambaye sote tulimwita Shefu, alinitupia mkeka uliokunjwa na kuniambia niutandaze kando ya lori lililokuwa limevuliwa magurudumu. Akaanza kufungua breki, na kila alichokitoa alinikabidhi: springi, vitambaa vya breki, boliti, mabomba. Nilitakiwa kuvipanga kwa mstari, cha kwanza kutoka kikae kushoto kabisa, cha mwisho kulia. Wakati wa kurudisha tungeanzia kulia. Nilidhani ananichezea, maana nilikuja kujifunza umakanika, si kupanga vitu kama muuzaji wa sokoni.

Alasiri lori lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake, lakini juu ya mkeka kilibaki kidude kimoja cha mpira, chenye springi nyembamba nyuma yake, ukubwa wa kifungo cha shati. Kilikuwa kimetoka kwenye mdomo wa pompa kuu ya breki, ile ambayo dereva akikanyaga pedali inasukuma mafuta hadi kwenye magurudumu. Niliona aibu nikataka kukificha mfukoni.

"Mukeka haiko mutupu," Shefu alisema. "Kazi haijaisha."

Alifungua upya yote tuliyofunga. Nilipomuuliza kidude kile kina kazi gani, hakuinua hata kichwa.

"Kama kitu ilitoka mu gari, irudi mu gari. Ata kama haujue kazi yake. Hapa Kasongo utapata wapi ingine?"

Basi hilo ndilo nililojifunza, na nililijifunza vizuri mno. Nilipopelekwa Kabambare, kwenye huduma ya barabara, mkuu wa huduma hakuwa na haja ya kukagua breki zangu. Alikuja, akatazama mkeka, akauona mtupu, akatia sahihi. Salamabila, kwenye kampuni ya dhahabu, injinia alifanya vilevile. Malori yaliyotoka Lusangi yakiwa yanavuja kila upande niliyafungua na kuyarudisha, na vile vidude vya mpira nimevirudisha mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Sikuuliza tena. Nikikumbuka leo nachanganyikiwa: mtu anawezaje kushika kitu miaka yote ile bila kukijua?

Kampuni ilipofunga nilirudi Kasongo nikafungua karakana yangu, mabati sita na mkeka. Mfanyakazi sikuwa naye, na breki hazitengenezwi na mtu mmoja. Hewa ikiingia ndani ya mafuta, pedali inakuwa laini kama godoro, kwa hiyo lazima mmoja akanyage pedali na mwingine alale chini afungue kizibo cha kutolea hewa kilicho nyuma ya gurudumu. Aliyekanyaga alikuwa mke wangu, Mama Asha. Mimi nilipiga kelele kutoka chini: "Pompa! Kamata! Achilia!" Yeye alitii, huku akichambua mboga mapajani. Gari hajawahi kuendesha hata siku moja.

Sasa nije kwenye gari la Papa Amisi, ndilo lililonifanya niandike haya. Papa Amisi alinunua dhahabu Salamabila miaka mingi, na huko mkurugenzi mmoja aliyekuwa anaondoka alimwachia gari la Kimarekani la milango miwili, la zamani, refu, jekundu, lenye injini ya silinda nane. Injini ile ilitosha kuvuta kanisa. Breki zake zilikuwa za ngoma kwa magurudumu yote manne, zile tunazoita tambour: vitambaa viwili vinapanuka ndani ya chuma cha mviringo, na ukiachilia pedali, springi kali zinavirudisha. Kwenye tambarare zilitosha. Kwenye mteremko zilipata moto, na gari likawa linapunguza mwendo pale linapopenda lenyewe.

Binti yake wa mwisho, Zawadi, alikuwa anaolewa ng'ambo ya Lualaba, na Papa Amisi aliapa kwamba atamshusha hadi kwenye kivuko kwa gari lile. Ninyi mnaoijua njia ile mnajua inavyoishia: mteremko mrefu wa udongo mwekundu, halafu maji. Hakuna kitu katikati. Akanitaka nitoe tambour za mbele na kuweka breki za diski, alizozitoa kwenye jeep iliyokufa. Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi, inapigwa na upepo, na vitambaa viwili vinaibana kutoka nje na ndani. Haishikwi na moto haraka. Vyuma vya kuzishikilia nilivichonga mwenyewe kutoka kwenye chesisi ya lori, na nilijivuna wiki nzima.

Siku ya kulijaribu lilisimama vizuri ajabu, likaniangushia kofia. Baada ya kilomita tatu hivi likaanza kuwa zito. Nikasikia harufu ya kuungua. Kufika sokoni lilikuwa limejikamata lenyewe, mguu wangu ukiwa mbali na pedali, na watu wakasukuma huku wakicheka. Kesho yake asubuhi lilikuwa jepesi kama baiskeli. Nikalifungua lote, nikasafisha, nikarudisha, mkeka ukawa mtupu. Likajikamata. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu. Mara zote tatu mkeka ulikuwa mtupu, na mara zote tatu gari lilikuwa gonjwa. Zilibaki siku mbili. Nilianza kuliogopa gari lile kwelikweli, kwa sababu nilijua breki inayojikamata inachemsha mafuta, na mafuta yakichemka pedali inazama hadi sakafuni. Nilimwona Zawadi na shela lake ndani ya maji.

Nikamwita tena Mama Asha akanyage.

"Achilia," nilisema, nikafungua kizibo. Mafuta yakanirukia usoni.

"Nilisema uachilie!"

"Baba Asha, mi nimeisha kuachilia. Muguu yangu iko hapa inje. Angalia."

Nikatoka chini nikaangalia. Kweli, mguu wake ulikuwa nje ya mlango, na kandambili imeanguka.

"Ni kawaida," nilimwambia. "Kila siku yanaruka kidogo."

"Kila siku ilikuwa tambour," alijibu. "Tambour iko na springi ya kuvuta. Hii diski, nani anaivuta? Kuna kitu inabakisha nguvu ndani ya mafuta. Mi nilikuwa ninaisikia na muguu tangu zamani, nikasema ni weye unajua."

Nilikaa chini kwenye mafuta yale yale. Kumbe kidude cha Shefu kazi yake ni hiyo: kuzuia mafuta yasirudi yote, yabaki na nguvu kidogo. Springi za tambour zinaishinda nguvu ile bila shida. Diski haina springi, kwa hiyo inabanwa kidogo, inapata moto, inavimbisha mafuta, inabanwa zaidi. Pompa ya gari lile ilikuwa na midomo miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Nikakitoa cha mbele, cha nyuma nikakiacha na tambour zake, nikafunga.

Hapo ndipo nilipoaibika mbele ya mke wangu, maana sikuweza kukiacha pale juu ya mkeka. Nilifungua nikakirudisha. Nikakitoa. Nikakirudisha tena. Kila mara niligeuka kutazama, kana kwamba Shefu amesimama nyuma yangu. Nilipokitoa mara ya tatu na kufunga, Mama Asha alikalia chombo cha kufungulia boliti, akakataa kuinuka.

Papa Amisi akatukuta hivyo. "Fundi, iko bien? Iko muzuri?"

"Ninaamini iko bien."

"Imani niko nayo ya kwangu. Mi ninauliza breki." Kisha akauona mkeka, na Kasongo nzima inajua maana ya mkeka wangu. "Unabakisha kitu ya gari ya mutoto yangu?"

Nikamweleza. Alisikiliza, uso umekunjamana. Sijui alielewa kiasi gani. Mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa vizuri.

"Basi kesho weye na bibi yako mutakaa ndani," akasema.

Asubuhi ya harusi tulisimama juu ya mteremko. Nilishuka na shati langu jeupe, nikajilaza chini ya gurudumu la mbele. Papa Amisi akampisha Mama Asha kwenye usukani, naye, amevaa kitenge chake kipya, akakanyaga mara tatu.

"Nimeachilia," akasema kabla sijamwambia.

Nikafungua kizibo. Halikuruka hata tone. Mafuta yalichuruzika polepole tu, kwa uzito wake.

"Imerudi yote," akasema Mama Asha.

Nikakifunga kizibo, Papa Amisi akarudi kwenye usukani, tukashuka. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili na kuomba kwa kila dini niliyowahi kuisikia Salamabila. Gari lilipunguza pale lilipoambiwa kupunguza, likasimama mbali na maji, kimya, bila harufu. Zawadi aliteremka akanitazama.

"Papa Fundi, mbona unakuja ku ndoa yangu na shati ya mafuta?"

Nililia, akadhani ni kwa ajili yake.

Mwaka ule ule niliacha kazi. Vijana wanakuja kuniuliza, nami nawafundisha mkeka, kisha nachanganyikiwa nisijue niwaambie uwe mtupu au la. Siku ya kufunga karakana Mama Asha alitaka kuukunja, akakikuta kidude bado kiko pale. Akakifunga kwenye ncha ya kitenge chake, anapoweka vitu asivyotaka vipotee.

Miaka yote ile nilimwambia pompa, kamata, achilia. Sikumbuki hata siku moja nilipomuuliza mguu wake unasikia nini. Sasa namuuliza kila asubuhi, na mara nyingi ananijibu kwamba goti linauma.