Pagne nyekundu mu tour ya mwisho

Deuxième! Miaka makumi tatu na tano, bantu ba Kamina banaita bwana yangu vile, «wa pili». Jina yake ni Monga, aliendesha treni mpaka pensheni. Lakini hata ku messe, wakati ya kupana amani, Nyembo wa jirani anamushika mukono: «Amani, Deuxième.» Minyi Jeannine, bibi yake, ile jina inanichoma roho kuliko yeye mwenyewe.

Ilitoka ku course, mashindano ya mamotoka, yenye bantu ba reli balikuwa nafanya zamani kuzunguka kiwanja ya mupira, mu kanjia kafupi ka mavumbi kenye umbo ya yai. Monga, na Peugeot 404 ya baba yake, alifika wa pili, nyuma ya Nyembo. Kisha course ikakufa. Minyi sikuendaka kumuangalia hata siku moya. Ile motoka nilikuwa naichukia sana: siku ya Mungu, Monga iko chini yake, mutoto anazaliwa, Monga iko chini yake. Yaaba!

Mwaka huu paroisse inafanya jubilé. Bakasema: course irudie, mara moya tu, na mamotoka ya zamani, kuzunguka kiwanja tour makumi mbili. Monga alikosa usingizi juma nzima. Akaniambia: «Mama, sitaki kufa na ile jina.» Kwa lile neno, nikaenda.

Nilivaa mapagne mbili ya kitenge nyekundu, mupya kabisa, nikasimama pa kona ya mwisho. Tour ya kumi na tisa, bwana yangu akamupita Nyembo! Ku tour ya mwisho, Monga iko mbele, peke yake, motoka inatoa moshi na kelele. Sasa minyi ningenyamaza namna gani? Nilifungua pagne ya juu, nikaipepea na mikono mbili, na vigelegele: «Monga! Monga wangu!»

Akakanyaga frein. Motoka ikasimama pale pale. Metre makumi tatu mbele ya kufika ku mustari wa mwisho.

Mujinga minyi! Muntu wa treni akiona kitambaa nyekundu inapepewa, hata na mama wa shamba, anasimama kwanza, anauliza kisha. Karibu na Kabondo-Dianda, mama moya alimufanyia Monga vile zamani: mvua ilikuwa imebeba udongo chini ya reli, na treni yenye kujaa bantu ikasimama. Ile hadisi alinipigia mara mia, na minyi nilikuwa nasinzia.

Nyembo akapita. Bengine babili bakapita. Monga akatoka mu motoka, akanikimbilia, akauliza:

«Jeannine, nani aliumia?»

«Hakuna muntu, papa. Nilikuwa nakushangilia.»

Akaangalia pagne. Akarudi ndani, akamaliza tour yake pole pole. Wa ine.

Sasa banamuita Quatrième. Nasikia hasira sana! Jana nilikamata makasi: hii pagne naikata, inakuwa bitambaa ya kupangusa masufuria. Monga akaninyanganya ile pagne.

«Wacha,» akasema. «Miaka yote ile, haukuyaka kuniangalia. Na hii pagne, ulikuya.»

Akaikunja, akaiweka mu valise yake ya reli, juu ya bendera zake za kusimamisha treni. Minyi nikabaki na makasi mu mukono.