Kisu Bila Ncha

Naomie, binti ya jirani yangu, aliuawa na kikwembe yake mwenyewe, kitenge ya kujifunga, ku barabara ya Mutoshi. Ninaanzia pale, juu bila ile kifo mi singetafuta kisu, na ku soko bangeendelea kuniita Mama Ndaya wa lengalenga, sawa vile baliniita tangu zamani; leo bananiita wa kisu bila ncha.

Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi ya baridi. Naomie alipanda moto, pikipiki ya kubeba batu, akajifunika kikwembe ya pili ku mabega, akaifunga ku shingo. Pembe ya kikwembe ilishuka, munyororo ya moto ikaikamata, ikaizungusha, ikamuvuta chini. Mutu wa kwanza kufika pale alikuwa Hénock, bwana ya binti yangu Glodie. Naye anabebaka batu na moto. Alikuwa na kisu mu mufuko, ya kukunja, ya kungaa sana. Aliifungula, akasukuma ku kitambaa, na kisu ikajikunja juu ya bidole byake mwenyewe. Akaifungula tena, na damu mu mikono, ikajikunja tena. Wakati kitambaa ilikatika, Naomie alikuwa hapumue tena.

Kiisha kilio nilikaa mu nyumba nikafikiri. Mi nakwendaka ku mugodi ya Mutoshi kila siku na moto, kuuzia bachimbaji mboga yangu ya lengalenga. Miguu yangu haifike tena kule yenyewe. Na kikwembe ya mwanamuke wa soko haifunguke ovyo: tunaifunga fundo ku kiuno, mu fundo tunaweka feza, na fundo yenye kuvutwa inakazana kuwa jiwe. Siku moja munyororo itanikamata na mi.

Glodie alinisemesha: "Mama, si uvae tu suruali?"

"Suruali? Batanivalisha suruali siku nitakuwa mu sanduku, na siku ile sitasikia haya tena."

"Basi kaa nyumbani."

"Nitakaa nyumbani na kukula nini, mashauri yako?"

Mi nikaenda kutafuta kisu.

Hénock naye alikuya ku soko, lakini si na mi. Alikuya upande yake, mi upande yangu. Kwetu sisi Baluba mukwe haangalie mama ya muke yake mu macho. Hamubambe hata na kidole, hamupe kintu mukono kwa mukono, na neno yake kwake inapitia ku mutu mwingine. Tangu alipooa Glodie, Hénock alikuwa hajawahi kunisemesha, na mi namuheshimu juu ya ile. Alisimama karibu na meza ya bisu, akanipa mugongo, casque yake ya moto, ile kofia ngumu, mu mikono.

Mwenye meza ni Blanchard. Anauzaka bisu, makufuli, na mataa ya kichwa ya bachimbaji. Mudomo yake hailale.

"Kambo, karibu! Unatafuta kisu ya kumenya mihogo?"

"Mi si kambo yako, sikuzaa baba yako. Natafuta kisu ya kukata kikwembe yenye nimevaa, na mi niko ndani."

Akacheka mpaka akashika meza. "Kambo anataka kuvua mbio! Kuko bwana mupya?"

"Kuko munyororo ya moto. Naomie ulimujua?"

Akaacha kucheka. Ku barabara ile kila mutu alimujua Naomie.

Alinitolea kisu ya kwanza, nyeusi, na kichwa ya simba ku mupini. "Hii ni ya bakomando, mama. Hata nyoka inaogopa."

"Mi sina vita na nyoka."

Niliikamata na mukono ya kushoto. Ile ya kuume, dole gumba haikunjike. Nyundo iliivunja miaka nilikuwa natwanga mawe. Kisu ya bakomando ilikuwa na kidude cha kusukuma upande moja tu, upande ya batu ba kuume. Nilihangaika nayo mpaka Blanchard akanyoosha mukono anisaidie.

"Acha. Wewe utakuwa ku barabara siku ile?"

Niliifungula mwisho na meno. Pale nikasikia Hénock anaongea polepole na casque yake:

"Casque, ningekuwa mi, ningepiga kwanza mugongo ya kisu ku meza."

Nikamuambia Blanchard: "Kuko mutu anaongea na casque. Mi sikumuuliza kitu." Lakini nilipiga mugongo ya kisu ku pembe ya meza. Pa! Ikajikunja sawa mudomo ya kuku.

"Mama! Kisu haipigwake na mugongo!"

"Munyororo itaniuliza kama ni mugongo ao tumbo? Leta ingine."

Ya pili ilikuwa na mupini ya muti, na pete ya chuma shingoni. Unazungusha pete, kisu inajifunga, haijikunje tena. Marehemu bwana yangu alikuwa nayo ya vile. Niliipenda pale pale. Niliipiga mugongo, haikuregea. Mukono yangu ilikwisha kwenda ku fundo ya feza.

"Casque," Hénock akasema, "muti inakunywaka maji."

Nilisikia hasira. Mutu anakuharibia kintu yenye moyo yako imekwisha kupenda, na huwezi hata kumujibu. Nikachukua ile kisu, nikaizamisha mu beseni yangu, chini ya lengalenga, mu maji.

Blanchard akaruka. "Mama Ndaya! Unaua kisu yangu!"

"Tuongee bei kwanza. Hasira haina haraka."

Tuliongea bei. Alishuka, nikashuka chini yake, akaapa na jina ya mama yake, nikamuuliza habari ya yule mama. Batu balianza kusimama. Wakati niliitoa, muti ilikuwa imevimba, imebana chuma ndani. Nilivuta, Blanchard alivuta, hakuna. Mi nabebaka mboga ya maji tangu asubuhi. Nguo yangu inalowana mpaka ku kifua. Kisu ile ingenikatalia siku ya kwanza.

Sikuangalia upande ya casque. Nilisema tu: "Leta ya tatu."

"Hakuna ya tatu ya kukufaa."

"Ile pale."

Ilikuwa nyuma, kati ya makufuli ya kutu. Mupini ya chuma tupu, imekwaruzwa, haina simba, haina kitu. Ku ubapa ya kisu kulikuwa tundu, mutu anaweza kutia dole gumba ya mukono wowote na kuisukuma. Niliisukuma na kushoto. Tak! Nilipiga mugongo yake ku meza mara nyingi mpaka Blanchard akafunga macho. Ilisimama. Kuikunja, lazima ubonyeze chuma kidogo nyuma ya mupini.

Blanchard akaleta karatasi nione inavyokata.

"Karatasi hata meno ya mutoto inakata." Nililowanisha pembe ya kikwembe yangu mu beseni, nikamupa aishike. "Vuta."

"Mama, hii ni kitenge ya bei…"

"Vuta, nasema! Vuta sawa munyororo!"

Akavuta. Nikatia kisu. Kitambaa ikaachana mara moja, Blanchard akaanguka juu ya makufuli yake, na batu ba soko bakapiga makelele. Kipande ile yenye kukatwa ingaliko ku nyumba. Nashonea nayo mito.

Kiisha nikalipa, nikaitia mu soutien, sidiria yangu, upande ya kuume, mahali mukono ya kushoto inafika haraka. Mu saki ya begani, hapana. Saki inaruka mutu akianguka. Mu fundo, hapana. Fundo ndiyo yenye kuvutwa. Blanchard aliangalia juu, sawa mutu anahesabu ndege. Niliitoa, nikaifungula, nikaipitisha kati ya kitambaa na tumbo nione itakuwa namna gani. Ncha ikanichoma pale pale, chini ya kitovu.

Pale nilielewa kintu yenye hata casque haikusema. Mutu mwenye kuanguka anatetemeka. Na ncha ile ningejifungula tumbo mbele ya kufungula kikwembe.

Nilienda kwa mutu wa kunoa, yule wa jiwe ya kuzunguka. "Ondoa ncha."

"Kuinoa?"

"Kuiondoa. Fanya pua yake iwe mviringo."

Blanchard alikuwa ametufuata. "Batu bote ba Kolwezi banatafuta ncha, yeye anaiondoa! Mama, sasa ni kijiko!"

"Basi nitakula nayo bukari."

Tangu siku ile, kila asubuhi mbele ya kusali, nilikaa ku kitanda nikajizoeza: kutoa, kusukuma, tak, kubonyeza, kurudisha. Hata na macho ya kufunga. Glodie alisema nimekuwa mwizi wa zamani.

Ilifika mwisho wa mwezi wa tisa, mbele ya mvua, wakati bumbi ya barabara inakuwa ukuta. Nilikuwa narudi kutoka Mutoshi. Mi nilikuwa nyuma ya Gael, kijana mwenye kuendesha moto sawa kuko moto ku matako yake. Hénock alikuwa nyuma yetu, mbali, na beseni yangu. Tulifanyaka vile sikuzote: mukwe anabeba beseni ya mama-mukwe, mama-mukwe anapanda moto ya mutu mwingine. Kukaa nyuma ya mukwe, kifua ku mugongo yake, afazali nitembee na magoti.

"Gael, polepole."

"Tulia, mama, uko na rubani!"

Ku muteremuko nilisikia kiuno yangu inashikwa sawa mutu ananiita kwa nguvu. Nilijua. Sikuwa hata na wakati ya kulia. Moto ikaenda upande, mbingu ikageuka, nikapiga mugongo ku barabara. Gael akatupwa mu mufereji, akawa anaita mama yake. Moto ililala, munyororo imekula kikwembe yangu mpaka ku fundo, na mi nimefungwa pale, katikati ya njia, tumbo yangu ku chuma ya moto. Sikuweza hata kukaa.

Na juu, mu bumbi, nikasikia kamio, lori kubwa, inashuka. Kamio ya madini, yenye kujaa. Mu bumbi ile dereva haone hata mikono yake.

Hénock alifika. Alitupa moto yake, akanikimbilia, mikono mbele. Nikaona ile mikono inakuya ku kiuno yangu.

"Usinibambe!"

Ndiyo, nilisema vile, na kamio inakuya. Akasimama sawa nimemupiga. Halafu akafanya kintu yenye sikungojea. Aliinua moto yake, akaisimamisha kukingama barabara, upande ya juu, mbele yangu kidogo, akawasha taa, akanipa mugongo. Akasimama pale, uso ku bumbi, akipunga casque yake juu. Na akapiga kelele, si kwa casque, si kwa mutu mwingine, kwa mi:

"Mama, kata! Kata sasa!"

Mukono ya kushoto ilikwisha kuingia mu soutien. Jasho, bumbi, kisu inateleza. Dole ikatafuta tundu, ikakosa, ikatafuta, ikapata. Tak. Niliilalisha ku tumbo, nikaisukuma chini ya kitambaa, na ile pua ya mviringo ikapita ku ngozi bila kunichoma. Nikavuta. Kikwembe ya juu ikaachia. Ya chini ilikuwa imejikunja mara mbili ku fundo, ngumu. Honi ya kamio ikalia, ya kupasua masikio. Nikavuta tena, na mikono yote mbili, na ile dole ya kufa pia. Ikakatika. Nikabiringika mpaka mu mufereji, karibu na Gael.

Nilipoinua kichwa, Hénock alikuwa angali pale, mugongo kwetu, anapunga casque. Na mataa ya kamio imetoka mu bumbi, karibu, karibu sana, breki zinalia.

Ndipo nilijua. Hawezi kugeuka. Anafikiri nimebaki uchi nyuma yake, hataangalia. Hatajua kama nimetoka. Atasimama pale mpaka kamio imupitie juu.

Mi pia nilikuwa sijawahi kuita jina yake mbele yake.

"Hénock! Nimetoka! Ruka!"

Akaruka. Kamio ikasukuma moto yake, moto yake ikasukuma ile ya Gael, chuma yote ikaenda kusimama chini ya muteremuko, na kikwembe yangu ikiwa ingali mu munyororo. Dereva alishuka, akakaa chini mu bumbi.

Nilikuwa na jupo tupu, ile sketi ya ndani, na blauzi. Hénock alivua jaketi, akatembea kinyumanyuma mpaka ku mufereji, akaiweka chini bila kugeuka, akaenda kuinua Gael kwa kupitia upande mwingine.

Juma yenye kufuata Hénock alikuya nyumbani na kuku jike, akabaki inje, akamutuma Glodie. "Mwambie Mama, niliongea naye bila kupitia mutu mwingine. Ninaomba radhi."

Niliikamata kuku. Ilikuwa haki yangu. Lakini mi pia nilimuita jina, na kosa ile mama-mukwe hailipe na kuku. Nikarudi kwa Blanchard, nikachukua kisu ingine ya tundu, ndugu ya yangu, nikaipeleka ku jiwe ya kuzunguka. Blanchard alitaka kusema kitu juu ya kijiko, akaona uso yangu, akahesabu feza yake.

Niliiweka chini, ku mukeka, mbele ya mulango ya Glodie, nikakaa mbali nikaangalia ukuta. Hénock alitoka, akaiokota. Nikasikia: tak. Akaipiga mugongo ku mulango, ikasimama. Akapitisha kidole mahali ncha ilikuwa.

Hatuongee. Tunaheshimiana sawa zamani. Jana, ku mulango ya soko, nilikuwa napanda moto ya mutu mwingine, nikasikia nyuma yangu:

"Casque, kikwembe inashuka upande ya kushoto."

Nikaiambia beseni yangu kwamba nimekwisha kuona, na nikaivuta juu.