Nilimwambia mdogo wangu nusu ya maneno kuhusu hedhi, akajibebesha kifo cha baba

Wakuu, wengi humu ni rika la wajukuu zangu, basi marahaba mapema. Ninachoandika ni kweli, na natamani kingekuwa uongo.

Miaka ya hamsini, Lubumbashi ikiitwa bado Élisabethville, tulikaa kambi ya wafanyakazi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, mdogo wangu Julienne kumi na mbili. Baba alikuwa wa kwenye tanuru la shaba, moshi na vumbi kutwa.

Kwetu mama hazungumzi na bintiye mambo ya hedhi. Ni kazi ya bibi au shangazi. Nilipoanza mimi, nilipelekwa kwa bibi kijijini Mitwaba, nikafundwa wiki nzima. Zamu ya Julienne ilipokaribia, bibi alishafariki, na shangazi hatukuwa naye.

Mama akaniita. “Nkambo hayiko tena. Weye njo mukubwa, umwambie mudogo yako yote.”

Nikasema ndiyo mama.

(Msiniulize kuhusu foyer, ile shule ya kambi ya kazi za nyumbani. Tulifundishwa kushona, kupiga pasi, kuogesha mtoto. Hilo la damu, kimya.)

Wakuu, niliona haya. Siku zikapita. Mwishowe nikamkuta Julienne anachambua sombe, yaani kisamvu, nikamwambia haraka haraka: “Siku utaona damu, usitie chumvi mu chakula. Banaume batakohoa.” Nikabeba ndoo, nikaenda zangu bombani.

Ndiyo ilikuwa imani ya wazee wetu. Lakini damu inatoka wapi, kitambaa kinafuliwaje, kinaanikwaje juani, kwamba si ugonjwa wala dhambi, sikusema hata neno.

Mama akauliza kama nimemwambia. Nikajibu, “Yote, mama.”

Miezi michache baadaye Julienne akaanza kujificha. Alikataa kupika, akakataa hata kula na sisi. Vitambaa alivifunga vibichi na kuvificha chini ya godoro, akavivaa tena hivyo hivyo mpaka akapata vidonda. Siku moja pale bombani nilimwambia mbele ya wasichana wenzake, “Unanuka weye.” Walicheka. Na mimi nilicheka.

Wiki zile zile kifua cha baba kikambana. Alikohoa, akapelekwa hospitali, akarudi mifupa mitupu. Mvua zilipoanza tukamzika.

Kwenye kilio Julienne alijitupa chini akilia, “Baba, unisamehe! Sikujua, nilishatiaka chumvi!”

Watu walidhani ni uchungu wa mtoto. Mimi peke yangu nilielewa. Siku aliyoona damu mara ya kwanza, alikuwa ameshaunga mboga, na baba alikuwa amekula.

Ningeweza kumshika mkono pale pale nimwambie ni vumbi la kazi, wenzake baba wangapi walikohoa vile vile! Lakini ningemwambia hivyo, mama angejua kwamba nilimdanganya. Nikanyamaza. Niliogopa kugombezwa, wakuu. Basi, hakuna sababu nyingine.

Julienne akaolewa, akazaa. Chumvi aliwaachia watoto watie, mashemeji wakamtania maisha yake yote. Nilikuwa nakula kwake, nikiona, nameza tu.

Mwaka jana aliugua, nikaenda kumuuguza kwake Naviundu. Asubuhi moja akaniita yaya, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu: “Yaya, unazani baba alinisamehe?”

Nikamwambia yote. Nusu ya maneno, uongo kwa mama, kile kilio.

Akauliza, “Ulijua tangu kilio?”

“Nilijua.”

“Na uliniacha?”

Akageukia ukutani. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini tangu siku ile hapokei simu yangu. Sina haki ya kulalamika. Kosa la kwanza nilikuwa mtoto. Zile Jumapili zaidi ya elfu tatu zilizofuata nilikuwa mtu mzima.

Nilichojifunza: haya ya mkubwa analipa mdogo. Ukimpa msichana mwiko bila maelezo, usidhani umemfundisha, umemtisha tu. Kwetu kijijini wapo wanaofundwa hivyo mpaka leo.

Karibuni mseme. Nani alikwambia wewe, na alikuficha nini? Wanaume pia, mabinti ni wenu.

Mkitaka kunitukana, nitukaneni, sitajibu. Ila mwambieni kwanza binti yenu maneno yote.