Vifuniko Ambavyo Hakuna Aliyevitaka

Kwa miaka kumi na moja alikuwa karani wa masjala kwenye zahanati. Kazi yake ilikuwa kuandika nani kaja, kaja na nini, kaondoka na nini. Kila mwisho wa mwezi mganga mkuu alimwita ofisini akamwuliza, "Homa ngapi? Vidonda vingapi?" naye alijibu bila kugugumiza, kwa sababu kila mgonjwa alikuwa kijiti kimoja kwenye karatasi yake: vinne vimesimama, cha tano kimelazwa juu yavyo.

Zahanati ilipopunguza wafanyakazi, akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Hakulia wala hakwenda kumlilia mtu. Jumatatu iliyofuata alikwenda kukaa na mumewe kwenye duka lao la vifaa vya bomba, chumba kimoja chenye rafu hadi darini, koki upande huu, viungo upande ule, na stoo ndogo nyuma. Tabia ya vijiti alihama nayo.

Mumewe alikuwa fundi bomba tangu ujana wake, na nusu ya mafundi wa mji ule walijifunza kazi mikononi mwake. Walimwita Bwana Koki. Duka aliliendesha kwa kumbukumbu: rafu ikianza kuonekana nyeupe, aliagiza. Alipomwona mkewe ameinamia daftari siku ya kwanza, alikunja uso.

"Unaandika nini?"

"Waliokuja wakakosa."

"Waliokosa si wameshakwenda zao? Andika waliopata."

"Waliopata wapo kwenye risiti, baba watoto. Waliokosa hawaandikwi popote."

Mumewe aliangua kicheko, akawasimulia mafundi, na kabla ya wiki kuisha mwanamke yule alikuwa ameshaitwa Mama Vijiti. Hakujali. Kila ukurasa aliugawa mara mbili, waliopata na waliokosa, na pembeni ya kila aliyekosa aliandika kitu alichotaka. Juu kabisa aliandika tarehe na nani alikuwa kaunta. Hilo la mwisho hakulifikiria sana; huko zahanati walizoea kuandika nani yuko zamu.

Baada ya miezi miwili alimwonyesha mumewe vijiti thelathini na vinne mbele ya neno moja: maboya. Yale maboya madogo ya tangi la choo, ambayo duka halikuwahi kuyaweka, kwa sababu Bwana Koki aliamini siku hizi tangi likiharibika watu hununua jingine.

"Thelathini na nne?" aliuliza.

"Hao ni waliofungua mdomo. Walioangalia tu wakaondoka siwajui."

Aliagiza katoni moja shingo upande. Haikumaliza wiki tatu. Tangu hapo aliacha mzaha, na siku zake za kaunta, yaani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akaanza kuchora vijiti mwenyewe. Mkewe alikuwa kaunta siku tatu nyingine. Asiyekuwa kaunta alikwenda duka la jumla kufuata mzigo.

Miezi ikapita, mpaka siku moja Bwana Koki akatangaza kwamba anaagiza katoni mbili za vifuniko.

"Vifuniko vya nini?"

"Vya mabomba, vya nini tena? Tazama mwenyewe. Vijiti kumi na tisa. Wewe si ndiye uliyetaka vijiti?"

Alitazama. Ni kweli vilikuwa kumi na tisa, vyote kwa mwandiko wa mumewe. Siku zake yeye hakuna mtu hata mmoja aliyeulizia kifuniko. Akaomba agizo lingoje kidogo, na Jumapili baada ya chakula cha mchana akakaa mezani na daftari lote, akatenga kurasa zake na kurasa za mumewe. Siku zake, kati ya watu kumi, mmoja aliondoka bila kitu. Siku za mumewe, watatu.

Alirudia kuhesabu. Ilibaki vile vile.

Akajipa jibu papo hapo. Mumewe alikuwa na ulimi mkali, hilo lilijulikana, na kwa miaka ya karibuni ulikuwa umezidi. Alikaripia watu kwa kurudia swali. Basi anawafukuza wateja. Jioni alimweleza, tena kwa maneno ya taratibu, lakini namba haina upole.

"Watatu kwa kumi," mumewe alisema. "Kumbe ulikuwa unanihesabu mimi."

Siku mbili hawakuzungumza ila mambo ya duka.

Jumatano, badala ya kwenda duka la jumla, alibaki stoo kupanga mipira ya koki kwa ukubwa. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Akaingia fundi mmoja mrefu, mteja wao wa siku nyingi.

"Shikamoo, Bwana Koki. Naomba viwiko vinne vya nusu inchi."

"Marahaba. Vifuniko hatuna, kijana wangu. Vinakuja."

Sanduku la viwiko, vile viungo vilivyokunjwa vya kupindisha bomba kwenye kona, lilikuwa juu ya kaunta, limejaa pomoni. Fundi aliliangalia sanduku, akamwangalia mzee, akasema, "Haya," akatoka. Bwana Koki akavuta daftari akachora kijiti.

Mama Vijiti alitokea mlango wa nyuma akamkimbilia fundi barabarani.

"Ulitaka nini pale?"

"Viwiko, mama."

"Na ukaviona. Mbona hukusema tena?"

Fundi aliona haya. "Wiki iliyopita nilisema mara mbili, akanifokea. Nikajua anamtunzia mtu. Yule ni mwalimu wangu, mama, nitabishana naye vipi?"

Alirudi dukani, akasimama nyuma ya mumewe. "Baba watoto," aliita, kwa sauti ya kawaida. Akaita tena. Mara ya tatu alikuwa karibu kiasi cha kumgusa, ndipo mumewe akageuka.

"Unaninyemelea?"

Mkewe alichukua kiwiko kimoja sandukuni akakiweka juu ya daftari.

"Hiki ndicho alichotaka."

"Si amesema vifuniko?"

"Hakusema hivyo."

Bwana Koki alikishika kile kiwiko, akakigeuza geuza kama mtu anayetafuta ufa. Alirudi nyuma kurasa mbili tatu, akapitisha kidole kwenye vijiti vyake mwenyewe. Uso ukamshuka.

"Tangu lini?"

"Daftari linasema tangu ulipoanza kuchora vijiti," alijibu mkewe. "Lakini kabla ya hapo huna ukurasa."

Wiki iliyofuata walifunga duka asubuhi moja wakaenda hospitali. Mtaalamu wa masikio alimwuliza Bwana Koki alifanya kazi gani, akasikia habari za miaka ishirini ya kukata mabomba ya chuma kwa mashine bila kuziba masikio, akatikisa kichwa. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lingesaidika kwa kifaa. Njiani kurudi Mama Vijiti alimwomba mumewe msamaha.

"Nilidhani ni ulimi wako unaofukuza watu."

"Hata huo ulimi si mzuri sana," alisema Bwana Koki, na mkewe akacheka mpaka akasimama.

Kifaa kilimsumbua. Alilalamika kwamba barabara ina kelele, kwamba mafundi wanatafuna kwa sauti, kwamba hajui alikuwa akiishi na watu wa namna gani. Mkewe alipendekeza waache kuandika nani yuko kaunta. Mumewe alikataa katakata. "Acha hivyo hivyo. Nitajuaje kama nasikia?" Miezi mitatu baadaye kurasa zake zilionyesha wawili kwa kumi, na hiyo tofauti ya mmoja hakuna aliyeieleza, huenda ulikuwa ulimi.

Asubuhi moja kabla wateja hawajaanza kuingia Bwana Koki aliinua uso akatazama feni ya darini.

"Hii inalia."

"Inalia."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

Akavuta kiti, akapanda na kopo la mafuta, akaanza kuifungua.