Mdogo wangu askari alinunua buti za mtumba, baba akamwita mwizi

Wakuu, za muda huu. Hii siyo chai ya kutunga, ni ya nyumbani kwetu kabisa. Jina la kambi na la mzabuni aliyeleta buti sitayataja, mnisamehe, ndugu yangu bado yuko kazini.

Mimi nauza viatu vya mtumba pale Shelui, wateja wangu wengi ni madereva wa malori. Mdogo wangu Hamisi ni mwanajeshi.

Siku moja akapiga simu.

"Dada, shikamoo. Nitafutie buti ngumu, namba nane. Nimepangiwa mpakani."

Nikacheka. Nikamuuliza, serikali si inakuvisha, mtumba wa nini tena? Akasema nitaona mwenyewe akija.

Alipokuja likizo akanitolea buti alizopewa. Wakuu, ile haikuwa ngozi! Mvua moja tu na soli ilishaanza kuachia. Akanieleza mzabuni alipata tenda kwa mlango wa nyuma, mkaguzi akapozwa kwa bahasha, mzigo ukapita. Bei iliyolipwa ni ya ngozi halisi.

Nikamuuzia kwa bei ya ndugu buti bora kuliko zote nilizokuwa nazo. Zile mbovu akaniachia, tukaenda wote Kinyangiri akaage wazazi.

Sasa baba yetu ni mwanajeshi mstaafu. Mzee huyu hata akichunga ng'ombe anatembea kifua mbele. Kuona buti za mtumba tu, akawaka.

"Za jeshi ziko wapi?"

Hamisi akainama kufunga kamba.

"Enzi zetu askari akinunua buti, ujue zake kauza. Yaani nimezaa mwizi!"

Nilitaka kusema, Hamisi akanikanyaga mguu. Tulipotoka nje akaniambia, "Dada, acha tu. Jeshi ndiyo kitu anachojivunia mzee. Bora anichukie mimi."

Iliniuma sana.

Kesho yake Hamisi akaondoka. Baba akagoma hata kutoka ndani amsomee dua. Mama alimsindikiza analia mpaka barabarani. Na mnajua, huko mpakani mtu anaweza asirudi.

Nilivumilia wiki chache, ikanishinda. Nikabeba zile buti mbovu hadi Kinyangiri, nikamwekea mzee miguuni na kumweleza kila kitu.

Akachungulia mhuri wa jeshi ndani. Akakunja moja, soli ikabaki mkononi. Akaniomba simu.

Network ya huko ni ya kuviziavizia. Tulipiga mchana kutwa, jioni ndiyo ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee akasogeza simu mdomoni. "Nilidhani umeuza buti, mwanangu. Kumbe wewe ndiye uliyeuzwa. Nisamehe."

Halafu akamsomea dua yote kwenye spika, amesimama wima. Mama analia, mimi nalia, Hamisi anaitikia amina kwa kukatikakatika.

Wakuu, zamani nikisikia rushwa kwenye manunuzi ya jeshi nilikuwa nawaza ndege na vifaru, mambo ya wakubwa. Sikujua inaweza kuingia hadi sebuleni kwetu, ikamgombanisha baba na mwanae. Na aliyekula hiyo hela hatujui wala hatakaa atujue. Sisemi ni kila mahali, nasema nililoliona.

Nyie wenye ndugu askari, wakiondoka mnawafungia nini kwenye begi? Semeni, nipo hapa nasoma.